Fyuzi ya Mama Hadija

Wakati ule wa vita, nikiwa fundi magari, gari lolote la kupanda mtaa wa Gihosha jioni nililitoa fyuzi ya taa za breki, ili waasi walio milimani wasilione likipunguza mwendo. Jumapili nikamtolea na Mama Hadija, mkunga, gari likiwa limepaki uani kwake.

Kesho yake likawaka vizuri, lakini mkono wa gia ukagoma kutoka kwenye P, pale pa kuegeshea. Ndilo gari la gia otomatiki la kwanza mimi kulishika, ila mdomo wangu haukujua hilo. Nikawatangazia majirani kuwa nyaya za giaboksi zimeungua. Siku mbili nikapima waya mmoja mmoja, nikitikisa kichwa kama daktari, na mkunga akishuka kwa miguu kwenda kuzalisha.

Siku ya tatu akatoka na kitabu cha gari mkononi.

"Fundi, humu wameandika gari haitoki P mpaka ijue nimekanyaga breki."

"Ndiyo, mama. Inapata habari kwa waya wa taa za breki."

Majirani wakasogea.

"Sasa itapataje habari," akauliza, akigusa mfuko wa shati langu la kazi, "na fyuzi yake iko humu tangu Jumapili?"