Kioo Kilichokauka

Mtaani walimwita Mama Vyura, naye wala hakukasirika. Kazi yake maabara ilikuwa kuchungulia matumbo ya vyura kwa hadubini, akitafuta vimelea, vijidudu visivyoonekana kwa macho matupu, na kupambanua vinavyojulikana na vile ambavyo bado havijapewa jina. Aliyemkamatia vyura hao ni mumewe, dereva mstaafu mwenye maneno mengi, ambaye akiingia kinamasini huwaimbia kana kwamba anabembeleza watoto.

Siku moja, ndani ya chura wa kinamasi kile, alikiona kimelea bapa kama jani, kimeota vinywele mwili mzima, mkia umepinda kama ndoano. Alipekua vitabu vyote, hakimo. Alikichora, lakini kabla hajakitia dawa ya kukihifadhi kikapasuka.

"Mchoro hautoshi, mama," mkuu wa maabara alimwambia. "Tuletee chenyewe, juu ya kioo, kimetiwa rangi. Bila hicho hakuna jina."

Kwa watu wa kazi ile, mgunduzi hajipi heshima mwenyewe. Kiumbe kipya hukipa jina la mtu mwingine. Mumewe aliposikia kwamba litakuwa lake, alicheka mpaka akakohoa.

"Wenzangu wanapewa barabara, mimi napewa mdudu wa tumbo la chura!"

"Ukikataa nampa jirani."

"Thubutu!"

Kikohozi kile hakikumwacha. Kilimla mwili akabaki mifupa, na huku malori yakimwaga kifusi kinamasini ili pajengwe. Jioni ya kuamkia siku ya kulazwa alijikokota na fimbo, akarudi ametapakaa matope mpaka kiunoni, na chura mmoja ndani ya ndoo.

"Wamefukia kote. Huyu ndiye wa mwisho, bibie. Usimchezee. Nataka kulisikia hilo jina nikiwa na masikio."

Asubuhi, wifi yake alipomsindikiza mgonjwa hospitali, Mama Vyura alimpasua chura. Vimo! Vimejaa tele, na ndoano zao. Alipaka tone juu ya kioo. Sasa hapo ndipo kazi ile isipotaka mchezo: kioo hutumbukizwa dawani kingali kibichi. Kikikauka, vyote hupasuka, hubaki doa.

Simu ikalia. Ni wifi.

"Wifi, njoo. Acha kila kitu, anakuita."

Kutumbukiza kioo dawani si kazi ya kuchukua muda. Lakini miguu yake ilikwisha kutoka mlangoni, na chura akabaki wazi mezani. Kioo alikikumbuka akiwa kwenye ngazi za hospitali.

Mumewe alifumbua macho kwa shida.

"Umekitia dawa?"

"Nimekitia."

"Na jina?"

"Lako, mume wangu. Limekwisha kuwa lako."

Midomo ikatabasamu. "Kamwambieni jirani."

Jioni hakuwapo tena.

Msibani wifi alimpa habari kila mtu, hakumruka hata mmoja. "Kaka yangu ana kiumbe chenye jina lake!" Watu wakatikisa vichwa kwa heshima, na mjane akaangalia mkeka.

Baada ya matanga wifi akafika maabara, amejitanda vizuri kama anayekwenda kumwona mgonjwa. "Nionyeshe kaka."

Mama Vyura alitoa kile kioo, hajui kwa nini alikihifadhi, akakiweka chini ya hadubini. Hapakuwa na kitu ila doa la rangi ya chai. Wifi aliinama, akafumba jicho moja, akabadilisha jingine.

"Mbona sikioni?"

Mama Vyura alifungua kinywa amwambie.

"Ngoja, ngoja," wifi akasema, bado ameinama, machozi yakidondoka mezani. "Ehee! Nimemwona. Ana mkia kama ndoano. Ndivyo alivyonihadithia kitandani."

Mvua zilipoanza, Mama Vyura alichukua ndoo ya marehemu akawa anazunguka mitaro na madimbwi ya mbali, sketi imelowa. Watoto walimpigia kelele:

"Mama Vyura, umepata?"

"Bado," alijibu, akaendelea.