Moshi wa Mkeka

Kila tulipohama huko Wajir, ngamia wetu wa mizigo alinguruma akiniona naleta mkeka wa kumtandikia mgongoni. Aliwahi hata kunitemea mate, nami, mwenye hasira za karibu, nikamtukana. Mkeka ule nilikuwa nimeufukiza mwenyewe kwa kuni zenye harufu nzuri, kama tunavyofukiza vibuyu vya maziwa.

Alfajiri moja, vumbi likielea kama usingizi, mama alimpapasa ngamia ubavuni, mkono ukatua kwenye makovu ya chuma cha moto alichotibiwa nacho.

“Mwanangu, huyu akisikia harufu ya moshi anangoja chuma.”

Nikaleta mkeka usiofukizwa. Ngamia akapiga magoti kabla sijamwambia, akafumba macho. Miaka yote ile nilikuwa namtisha, nikidhani nampamba.