Mama Pindo na Paka wa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuweza kumaliza pindo la gauni bila kulifumua. Akishalishona, alilitazama kwa jicho la upande kana kwamba limemdanganya, akalifumua na kulishona upya. Wateja walinung'unika kucheleweshewa, lakini walirudi. Na alivyokuwa kwa nguo ndivyo alivyokuwa kwa watu. Muuza maziwa akimsalimia kwa uchangamfu kupita kawaida, Mama Pindo alijua maziwa yametiwa maji.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, nyumbani akikaa wiki moja na barabarani wiki mbili. Waliompa Mama Pindo uenzi walikuwa kasuku wadogo wanne, wawili wa kijani na wawili wa njano, waliokaa katika tundu kubwa chumba cha mbele alimoshonea. Cherehani ikinguruma nao walipiga kelele, ikinyamaza wakanyamaza. Miaka sita walikuwa wakielewana hivyo.

Kisha mama mkwe wake akaanguka bafuni kwake, nyonga ikateguka, ikaonekana hawezi tena kuishi peke yake. Alikuja na sanduku moja, redio, na paka dume la kijivu lenye sikio lililochanika. Alimwita paka huyo "bwana mdogo" na kumchambulia samaki miiba.

Mama Pindo alimweleza kwa adabu, lakini bila kupindisha, kwamba paka asionekane chumba cha mbele. Mama mkwe akamtoa wasiwasi: paka ni mzee, ameshiba, na tangu azaliwe hajakamata hata panya. Maneno hayo yalimtia Mama Pindo hofu zaidi. Paka asiyejisumbua na panya, alijiambia, anajitunza kwa ajili ya kitu kingine.

Wiki ya kwanza tu, paka alijipatia makao juu ya sanduku la vitambaa, chini kabisa ya tundu. Akifukuzwa mlangoni, alirudi kupitia dirishani. Hakuruka wala hakunyoosha mkono. Alikaa akiwakodolea macho ndege kutwa nzima.

Wiki ya pili manyoya yakaanza kuonekana. Moja sakafuni, mawili kwenye kitambaa cha mteja, kisha mmoja wa kasuku wa njano akaonekana ana kipara kifuani. Siku hiyo hiyo Mama Pindo akagundua jambo la pili. Komeo la tundu, ambalo yeye hulisukuma mpaka lilie, lilikuwa limeishia katikati.

Machale yakamcheza. Paka hana vidole vya kufungua komeo. Akakumbuka mama mkwe aliwahi kusema kelele za ndege zinamchoma kichwani. Akampigia simu mumewe, naye akamjibu kwamba manyoya hudondoka kama nywele, na kwamba mama yake hajawahi kumdhuru hata sisimizi. Mama Pindo alikata simu akiwa na washukiwa watatu badala ya wawili.

Kesho yake alisaga chaki nyeupe ya kuchorea vitambaa mpaka ikawa unga, akaichekecha kwa kitambaa chepesi na kuitandaza sakafuni chini ya tundu. Kisha akatangaza kwa sauti kwamba anapeleka gauni kwa mteja, atachukua saa nzima. Alizunguka mtaa mara mbili, akarudi.

Kwenye chaki hakukuwa na hata unyayo mmoja wa paka. Kulikuwa na alama za ndala, ya kushoto imekanyaga vizuri, ya kulia imeburutwa. Akazifuata hadi chumba cha mama mkwe. Mlango ulikuwa umefungwa; alipoufungua, paka alikuwa amelala ndani. Bibi mwenyewe alikuwa ameketi kitandani, kiganja amekikunja, na katikati ya vidole yakichungulia manyoya ya njano.

"Mama, umefungua tundu," alisema Mama Pindo.

"Nimefungua."

"Unawatafutia nini ndege wangu?"

Bibi alikikunjua kiganja. "Nawahesabu," alisema. "Kila ukitoka nawahesabu. Wakiwa wanne, napumua. Siku wakiwa watatu hutauliza, mwanangu. Utamtoa paka, na mimi nitamfuata."

Manyoya aliyaokota, akaeleza, na yale ya ndani ya tundu pia, ili yasionekane akasingiziwa bwana mdogo. Kisha akaongeza jambo lililomtoka kwa shida: alikuwa akihofu mkwewe atamwachilia ndege mmoja makusudi, apate sababu.

Mama Pindo alitaka kukasirika, lakini alishindwa. Wazo hilo hilo lilikuwa limempitia kichwani wiki ya kwanza, akalifukuza.

"Basi nani anamnyonyoa?" aliuliza.

"Anajinyonyoa mwenyewe. Nimemwona kwa macho yangu."

Hakumwamini. Alijibanza nyuma ya mlango na gauni mapajani, akachungulia. Paka akaja, akapanda sandukuni, akatulia. Yule kasuku mwenye kipara akajikunyata pembeni ya kijiti, akainamisha kichwa, akaanza kujing'oa manyoya ya kifua, moja baada ya jingine.

Walikwenda pamoja kwa daktari wa mifugo, polepole kwa ajili ya ile nyonga. Daktari alikuwa mwanamke mwenye mikwaruzo mikono yote. Alimpima ndege, akasema hana jeraha la jino wala la kucha, bali anaugua woga. Ndege anayetazamwa na paka kutwa, na hana pa kukimbilia, anaweza kufa kwa hofu tupu. Alipoambiwa kwamba paka ni mzee na ameshiba, alitikisa kichwa. Mkwaruzo mdogo kama wa pini unatosha, alisema, kwa sababu mdomo na kucha za paka zina vijidudu vinavyoua ndege kwa siku moja au mbili. Ndege akiguswa tu, aletwe saa hiyo hiyo.

"Msimwamini hata siku moja," alimalizia.

Mama Pindo alimpenda daktari huyo papo hapo.

Fundi seremala akaweka springi ili mlango wa chumba cha mbele ujifunge wenyewe, na dirisha likapigwa wavu. Tundu likasogezwa ukutani, juu, mbali na fanicha yoyote, upande mmoja ukafunikwa kitambaa ndege wapate pa kujificha. Paka alipewa dirisha la chumba cha bibi, na kamba ya kuchezea mpaka achoke. Asubuhi wanawake wale waliingia kwa ndege pamoja, wakawahesabu kwa sauti. Hakuna aliyemwacha mwenzake aingie peke yake. Baada ya miezi miwili kasuku mdogo alianza kuota manyoya laini kifuani.

Mume, ambaye safari yake mara hii ilirefushwa hadi miezi mitatu, aliporudi aliegemeza begi lake kwenye mlango wa chumba cha mbele ili liushikilie wazi wakati anaingiza mizigo. Mkewe na mama yake waliinuka kwa pamoja. Akauliza lini nyumba hii imekuwa kituo cha mpakani. Alipokwenda kuoga, bibi alilisukuma begi kando kwa fimbo yake, akasubiri mlango ujifunge.

"Huyu," alimnong'oneza mkwewe, "ndiye wa kumwangalia."

Mama Pindo akaafiki.