Mbabula ya Kasumbalesa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mimi bado msichana wa kukaa kwa baba, tulipoamka mtaani kwetu Bel-Air giza halijaondoka na kumkuta Papa amesimama uani. Amevaa koti lake la kazi, saa mkononi, anatutazama vile alivyozoea kuwatazama abiria waliochelewa.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulikuja kunionyesha kwenye simu mpango wako wa kuwapeleka mke wako na watoto Livingstone, wakaone maporomoko. Nilifurahi, sikufichi. Ramani unayo, vyumba umeshalipia, hata pa kujaza mafuta umepachagua. Nikakuambia ni vizuri sana, nikanyamaza. Lakini wewe unanijua, mimi nikinyamaza ujue kuna neno nimelitunza. Leo kaa hapa nikupe.

Papa wangu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake stesheni ilikuwa kuhakikisha treni zinaondoka kwa saa, na aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nyumbani nako tuliishi kwa saa: saa ya kuoga, saa ya kula, saa ya rozari. Mama alikuwa amezoea. Sisi watoto tulijifanya tumezoea.

Dada yangu mkubwa, Yaya Véro, aliolewa na kijana wa Kizambia, akaenda kuishi Kitwe, ng'ambo ya mpaka, na huko akajaliwa mtoto wake wa kwanza, msichana. Ubatizo ulipangwa Jumapili asubuhi, na wakwe wakatuma habari kwamba Mama ndiye atakayembeba mtoto mbele ya padri. Lazima nikueleze ilivyokuwa kwa Mama. Véro alipojifungua, Mama alikuwa amelazwa. Hakuweza kwenda kumwogesha mtoto na kumhudumia binti yake, kazi ambayo kila mama kwetu huiona ni haki yake. Lilimuuma sana. Hakulisema, lakini akimwona mwanamke yeyote barabarani na mtoto mgongoni, atamsimamisha tu, amshike mtoto miguu, kisha aende zake.

Kwa hiyo safari yote ilikuwa kwa jambo moja: Mama afike Kitwe kabla ya Jumapili asubuhi. Na siku hizo mpaka wa Kasumbalesa ulifungwa jioni. Ukikukuta umefungwa, unalala upande wako, na ubatizo unapita bila wewe.

Papa aliazima kombi ya rafiki yake, akaipanga safari ile juma zima. Alitusomea sheria zake mezani. Tukishaondoka, hakuna kusimama. Hakuna kubeba chakula wala vyungu, kwa sababu wakwe watatupikia. Na tangu usiku wa kuamkia safari hakuna kunywa maji, ili mtu asije akaomba kushuka njiani. Mdogo wangu wa mwisho aliuliza kama mate yanaruhusiwa. Alifukuzwa mezani.

Basi asubuhi ile, tumeshapakia, akatokea Tantine Ngoie, dada mkubwa wa Papa, aliyekaa Annexe, pembezoni mwa mji, alikolima mahindi na mboga. Yeye naye alikuwa wa safari. Kichwani ana kikapu, mkono mmoja ana sufuria, mwingine ana mbabula, lile jiko letu la makaa. Papa alipoiona mbabula nilidhani atalia.

"Yaya! Tunaenda ku Kitwe, haiko kuhama!"

Tantine aliweka vitu vyake chini bila haraka. "Ilunga, mpango yako niliisikia yote. Saa ya kutoka iko, saa ya kufika iko. Ya kungojea iko wapi?"

"Hatutangojea fasi yoyote. Niliipanga muzuri."

"Treni iko na njia yake peke yake. Ile njia ya Kasumbalesa iko ya bantu yote."

Papa alicheka, akasema mbabula haitapanda gari lake. Tantine akajibu, "Sawa, mwana ya mama," akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa amekumbatia furushi kubwa lililofungwa blanketi, akasema ni zawadi za wakwe, akaliweka chini ya kiti. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia zawadi zinagonga chuma. Nikaangalia pembeni.

Tuliondoka kwa furaha, mwanangu. Mama alivaa kitenge kipya. Tuliimba nyimbo zote za kanisani tulizozijua, na zilipokwisha tukaimba zile ambazo Papa hakupenda tuzijue. Barabarani wanawake walikuwa wamepanga uyoga kwenye mabeseni, msimu wake ulikuwa umefika, na kila tulipopita beseni Tantine alivuta pumzi kwa huzuni ili Papa asikie. Papa hakusimama. Alikuwa mbele ya ratiba yake, uso unang'aa.

Tukafika Kasumbalesa, na ratiba ikaishia hapo. Malori yalikuwa yamejipanga mbali sana kabla ya kizuizi, tena si safu moja. Dereva mmoja alikuwa amejaribu kumpita mwenzake, mwingine akamfuata, barabara yote ikazibwa kushoto na kulia. Gari dogo halikuwa na pa kupita. Injini zimezimwa, madereva wengine wamelala chini ya malori yao, ndipo nikajua hawa hawakufika leo. Papa alishuka, akatembea mbele kwenda kuuliza, akarudi bila habari. Akashuka tena, akarudi tena. Jua lilipanda, likasimama juu yetu, likaanza kuteremka. Midomo ilitukauka. Papa alitazama saa mpaka nikatamani ife.

Mchana ukiwa umekwenda sana, akapiga usukani kwa kiganja. "Inaisha. Hatutafika. Turudie ku nyumba."

Mama alifunika uso kwa ncha ya kitenge chake kipya, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama akilia mchana, mbele ya watu. Niliogopa.

Tantine Ngoie akafungua mlango wa kombi. "Ilunga, shuka."

Papa akashuka. Alikuwa na cheo stesheni, lakini yule alikuwa dada yake, ndiye aliyembeba mgongoni.

"Angalia ule mwanamuke," Tantine alimwambia. Sauti yake haikupanda. "Anangojea mutoto ya mutoto yake miezi yote hii, hakukusumbua hata siku moya. Weye unangojea mucana moya tu, unataka kumurudisha. Safari iko ya nani? Iko ya saa yako?"

Papa aliinamisha kichwa. Hapo Tantine akavuta lile furushi, akafungua blanketi, na mbabula ikatoka mchana kweupe, na mfuko wa makaa, na sufuria, na unga, na samaki wa chumvi, na nyanya, na mboga za lengalenga alizochuma shambani kwake alfajiri ile, na dumu la maji. Akamnyooshea Papa kifuniko cha sufuria.

"Pepea moto."

Na Papa akapepea! Mkuu wa treni, na koti lake, amechuchumaa kando ya barabara ya Kasumbalesa, anapepea mbabula na kukohoa moshi. Mama alifunua uso kuangalia. Kwanza alitabasamu, halafu akacheka mpaka akashika mbavu, sisi sote tukaangua kicheko, hata Papa mwenyewe. Tulikunywa maji. Papa ndiye aliyekunywa zaidi, maana katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyekuwa ametii sheria yake.

Bukari, ugali wetu, ilikuwa ndiyo kwanza imeiva tuliposikia mtu akipiga hodi barabarani, pasipo mlango. Alikuwa dereva mmoja mzee, Mtanzania, jina lake Rajabu, ameshika birika.

"Hodi jamani. Samahani mama, mkimaliza na hilo jiko naomba nibandike chai yangu."

"Chai iko baadaye," Tantine akamjibu. "Kwanza nawa mikono, ukule."

Mzee Rajabu hakungoja kubembelezwa. Alikula nasi sahani moja na Papa, akasifu samaki, akasema tangu juzi anaishi kwa mkate mkavu. Kisha akauliza tunakwenda wapi na watu wote hawa.

Mama ndiye aliyejibu. "Kesho asubui tunabatiza mujukuu yangu ku Kitwe. Ni miye nitamubeba. Sijamuona hata siku moya."

"Mjukuu wa kwanza?"

"Wa kwanza."

Mzee aliacha tonge mkononi. Akatazama malori, akatazama jua, akamtazama Mama. "Mama, hapa tumebanana kwa sababu kila mtu anaogopa akisogea mwenzake atachukua nafasi yake. Sasa bibi anayekwenda kumbeba mjukuu anachukua nafasi ya nani?" Akala lile tonge, akanawa, akaenda kugonga milango ya malori moja baada ya jingine.

Sijui aliwaambia nini kila mmoja. Nilichokiona ni watu wanatoka chini ya malori wakijikung'uta vumbi, wanapanda, wanawasha. Moja likarudi nyuma kidogo. Jingine likakanyaga majani pembeni. Mmoja alikataa, wenzake wakamzunguka wakimtania mpaka naye akasogea kwa aibu. Katikati ya barabara ikafunguka njia nyembamba, upana wa kombi yetu na si zaidi. Tantine aliwaachia madereva sufuria yake yenye chakula kilichobaki, na mbabula ikiwa bado na moto, Mzee Rajabu achemshe chai yake. Tukapita polepole kati ya magurudumu makubwa, na kutoka juu kule wanaume walitoa vichwa madirishani wakipiga honi na kupaza sauti, huyu kwa Kiswahili cha kwao Tanzania, huyu kwa Kibemba, huyu kwa Kiswahili chetu: "Mama, utusalimie mutoto!" Mama alitoa mkono dirishani akawapungia wote, kushoto na kulia, machozi yanamtoka na meno yote nje. Mpaka leo nikikumbuka ule mkono wake moyo wangu unajaa.

Tulipigiwa mihuri tukiwa miongoni mwa watu wa mwisho, walinzi wanajiandaa kufunga. Upande wa pili, kama unavyojua, wanaendesha kushoto. Papa hakuwahi kuendesha hivyo. Kila tulipokata kona gari lilitaka kurudi kulia kulikozoea, na sisi sote, Mama akiwa wa kwanza, tukapiga kelele, "Gauche, Papa, gauche!" Tulifika Kitwe sauti zimetukauka kabisa.

Yaya Véro alitoka mbio na mtoto mikononi. Mama alimpokea, akamfungua nguo, akamtazama miguu, akamtazama vidole, akamnusa shingoni. Akamwambia mtoto, "Mama, niko hapa. Nilikawia, lakini niko hapa." Mtoto akapiga chafya. Wakwe wakapiga vigelegele hadi majirani wakaja.

Kesho yake, baada ya misa, tumesimama nje ya kanisa, Papa alimwendea dada yake mbele ya wakwe na mbele yetu watoto. Mtu yule hakuwa na desturi ya kuomba radhi. Alimshika mikono miwili. "Yaya, nilikosea. Bila weye ningemurudisha Mama Véro ku nyumba na machozi yake."

Tantine akamtazama kwa upendo mkubwa. "Nilijua. Tena weye moto haujue kuupepea."

Mwanangu, mpango wako ni mzuri, usiutupe. Papa naye hakukosea kupanga, bila bidii yake hata kombi tusingepata. Ila nimeutazama ule mpango kwenye simu, umejaa toka asubuhi hadi jioni, siku zote, na mahali pa kungojea sikupaona. Mpaka utakungojesha. Gurudumu litakungojesha, au tumbo la mtoto. Siku hiyo usijione umeibiwa kitu. Paki gari, toa chakula, na ubebe kingi kuliko midomo yenu, kwa sababu pale unapokwama wewe kuna na wengine waliokwama kabla yako, nao wana njaa. Waambie mnakwenda wapi na kwa nini. Watu wakijua safari yako ni ya nani wanaweza kukupisha, na hata wasipokupisha, mtakuwa mmekula pamoja.

Na kabla hujawasha gari, jiulize safari ni ya nani. Hii yako ni ya watoto wako na mama yao. Basi wakitaka kusimama kununua uyoga, simama. Hasira ikikujia, nayo itakujia maana una damu ya Papa, mtazame mke wako usoni kwanza kabla hujasema turudi. Maporomoko hayaendi popote. Lakini watoto watakumbuka uso wako ulivyokuwa njiani muda mrefu baada ya kuyasahau maji.

Nakuombea, mwanangu. Mungu akae mbele ya gari lenu na nyuma yake. Awape njia kavu na afisa mwenye moyo laini, mzee wa barabarani akikosa jiko akutane nanyi, na wanangu wacheke toka hapa hadi huko. Awafikishe salama, na awafikishe mkiwa bado mnapendana.