Ishara ya Msalaba Mbele ya Sindano

Mteja mmoja wa Beni alinirudishia jiwe lililotoka ndani ya maharagwe niliyomuuzia, akaliweka mezani bila hata kunisalimu. Jicho langu la kulia lilikuwa limezimika zamani. Nilikuwa nategemea la kushoto. Niliposhika sinia nichambue, nikaona doa jeusi katikati, na mbegu zinaonekana pembeni tu. Hapo nikaogopa kweli.

Daktari wa Butembo akasema dawa itapitishwa kwa sindano, ndani ya jicho lenyewe, la sivyo nalo litakwisha. Niliitika kama mtu mzima. Nyumbani nikashindwa kula.

Siku ya kurudi huko, majirani wote waliniombea njia, maana njia ya Beni na Butembo wanaijua kwa mashambulizi yake. Nikaitika amina. Nilikuwa naona aibu kuwaambia kwamba njia sikuiwaza hata kidogo, niliwaza sindano.

Nililazwa juu ya meza, nikatiwa matone ya ganzi, nikapakwa dawa ya kahawia ya kuua vijidudu kuzunguka jicho, uso ukafunikwa kitambaa chenye tundu. Kichuma kikazuia kope zisifumbe.

"Hapana kutikisika, mama," daktari akasema.

Nikaona mkono wake unakuja. Wangu nao ukapanda wenyewe, kama ulivyozoea tangu utotoni kila hofu inaponibana: ishara ya msalaba. Vidole vikatua pale pale paliposafishwa.

"Ah non, mama! Umegusa! Tunaanza tena."

Kuanza tena! Ujasiri wote niliokuwa nimejikusanyia ukaniponyoka. Nikalia, nikatetemeka mpaka meza nayo ikagongagonga. Muuguzi, mwanamke aliyetumwa kazi kutoka Kasai, akaushika mkono wangu chini ya shuka, akaukaza.

"Alama ya musalaba nitafanya mimi, mama. Mukono yako inabaki huku."

Sindano ikaingia. Nilihisi kusukumwa zaidi kuliko kuchomwa, kisha michirizi myeusi ikaelea mbele yangu kama moshi wa kuni mbichi. Ikaisha. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Donc, mwezi kesho tena," daktari akasema.

Mimi nilidhani ni mara moja tu! Pale mlangoni nikamwambia yule muuguzi jambo ambalo watu wa kwangu sikuwaambia.

"Niko naogopa sana. Sijue kama nitarudia."

Hakunibembeleza. Alinikazia bandeji aliyonifunga jichoni, akanitazama.

"Uogope tu, mama. Lakini mwezi kesho ukuye."