Nilivyopika Meno ya Mjukuu

Binti yangu anafundisha shule huko Kinna, kwa hivyo msichana wake wa miaka saba anasomea hapa Bulla Pesa, kwangu. Meno yake ya juu yalikuwa yanafungia ndani ya yale ya chini, kama sanduku yenye kifuniko imekosea. Mimi nikasema hayo ni ya utoto, si yataanguka, tusumbuane ya nini. Daktari wa meno akanisikiza mpaka nikachoka mwenyewe, halafu akasema, "Mama, saa hii mfupa bado laini. Tukingoja akue, itakuwa kazi."

Akamtengenezea pleti, plastiki ya rangi ya waridi na waya, ya kusukuma meno pole pole. "Asipovaa, meno yanarudi. Na ioshwe kila siku, isinuke."

Isinuke. Hapo sasa akagusa kazi yangu. Darasa la pili sikumaliza, lakini mambo ya harufu hakuna mtu wa kunifundisha. Vibuyu vyangu vya maziwa nafukiza na moshi ya ejersa, ule mti wetu, na maziwa inakaa tamu. Pleti tuliosha na maji miezi miwili, nikaona haya maji ni mchezo. Siku moja mtoto akila, nikatia kaa la ejersa kwa kibuyu, nikatikisa, nikamwaga, nikaingiza pleti, nikafunika. Nikakaa hapo najisifu.

Ikatoka imejikunja kama sikio la mbuzi.

Mtoto akajaribu kuvaa, ikakataa. Akaniangalia. "Akoo," akasema, ndivyo anaita bibi yake, "umepika meno yangu."

Mpaka tupate siku ya daktari, wiki mbili zikapita. Aliinusa kwanza. "Mama, hii imetoka jikoni?" Nikamweleza yote, hata aina ya kuni. Akageukia ukuta, mabega yanacheza. Halafu akaangalia mdomo wa mtoto na kicheko ikaisha. Meno yalikuwa yameanza kurudi. Akasema tuanze upya na pleti ingine. Nikajiambia: Mimi niliyebaki na meno manne, nimeharibia mtoto ya kwake.

Leo ya juu yamepita mbele ya yale ya chini, namwambia acheke kila mgeni aone. Pleti anaosha mwenyewe, maji baridi na mswaki, anaficha juu ya kabati mahali mkono yangu haifiki. Na nikiwasha ejersa tu, anaziba mdomo na mikono yote mbili, anatoka nje mpaka moshi iishe.