Sanduku la Swichi Saba

Chumba alichofanyia kazi Fundi Mwanga kilikuwa na mlango mmoja, na dirisha hakikuwa nalo hata la dawa. Lililokuwapo lilizibwa kwa matofali enzi za kusafisha picha, kwa kuwa filamu ikiguswa na jua kabla ya kuoshwa imekwisha. Kazi ya kusafisha picha ilipokufa, hakuna aliyekumbuka kuyatoa matofali. Humo ndani mlikuwa na meza, kiti kisicho na mgongo, makabati sita ya chuma yaliyosheheni filamu, na harufu ya siki. Filamu za zamani zikianza kuoza hunuka siki, na Fundi alikuwa ameivuta harufu hiyo miaka nenda miaka rudi. Mkewe alikuwa akimtania kwamba ameshakolea, bado chumvi tu.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya ramani. Filamu zile zilipigwa kutoka kwenye ndege, baadhi yake kabla Fundi hajazaliwa, na zilionyesha kila shamba, kila kijito na kila njia ya miguu. Watu wakigombania mpaka, korti huagiza picha ya mwaka fulani. Hapo Fundi huitoa filamu kabatini, huilaza juu ya kioo kinachomulikwa kwa chini, na kuiskani mpaka iingie kwenye kompyuta. Jina la Fundi Mwanga alipewa na wenzake kwa sababu ya taa zake. Wapo waliolitamka kwa heshima, na wapo wenye wivu waliomaanisha mwanga yule wa kuruka na ungo, lakini yeye aliitika tu.

Sasa tuseme kisa cha sanduku, maana bila sanduku hamtaelewa kwa nini mtu mzima mwenye akili zake alijifungia mwenyewe.

Miaka sita iliyopita ilikuja mashine ya kuskani, mpya, imefungwa kwenye nailoni. Wanaume wanne waliokuwa wakisafisha picha walionekana ghafla kuwa wengi. Watatu walipewa barua za kuwashukuru. Ya nne, ya Fundi, ilikuwa imeshachapwa na inangoja sahihi. Aliyemnong'oneza ni mama mmoja wa masjala, mtunza mafaili, ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi. Fundi aliingiwa na hofu ya kweli, ile inayomfanya mtu asahau kula.

Kilichomwokoa ni kwamba mashine ilikuwa na ila. Mwanga wake ulipanda wima, na kila mkwaruzo kwenye filamu ulijitokeza mweusi kama barabara. Hakimu mmoja aliuliza barabara ile inakwenda wapi, akaambiwa ni ukucha wa mtu. Fundi alikwenda nyumbani akatengeneza sanduku la mbao, akalipaka rangi nyeupe ndani, akafunga globu nne akizielekeza ukutani badala ya juu, na mdomo wa sanduku akaufunika kwa plastiki ya weupe wa maziwa aliyoikata kwenye kifuniko cha ndoo. Mwanga uligonga kuta, ukatawanyika, ukaifikia filamu kutoka pande zote ukiwa umepoa. Mikwaruzo ilipotea. Siku tatu tu, na alikuwa amefanya jambo lililoishinda mashine ya watu wenye viwanda.

Angeishia hapo, ningemvulia kofia. Lakini alilitazama sanduku lake akaliona rahisi mno. Aliwaza kwamba wakubwa wakigundua ni globu na kifuniko cha ndoo, watalichukua sanduku na yeye watampa barua yake. Basi akalibandika swichi saba za kuzungusha, kama zile za redio za zamani. Ya kwanza ilipunguza na kuongeza mwanga. Ya tano iliwasha kitaa chekundu. Nyingine zote hazikuunganishwa na kitu chochote duniani. Kisha akaufunga mgongo wa sanduku kwa ribiti, zile pini za chuma zisizofunguka bila kukatwa, na wageni walipokuja aliinama akazizungusha zote saba mojamoja, sikio kalitega kwenye mbao, midomo kaibana, kama daktari anayesikiliza kifua.

Barua ikachanwa. Akaja mkurugenzi mpya, mtu mpole, mwepesi wa kusifu, akampenda Fundi kupita kiasi.

Mwaka uliofuata mkewe Fundi, ambaye ni mkunga, alihamishiwa mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima. Binti yao wa pekee alikuwa ameshaolewa, kwa hiyo walibaki wawili na simu. Mji ule nao ulikuwa na ofisi ndogo ya ramani iliyopungukiwa na mtu, na Fundi aliomba uhamisho akidhani ni suala la wiki mbili. Mkurugenzi alisimama akamkumbatia, akamwambia yeye ndiye macho ya ofisi, na hakuna mtu anayehamisha macho yake. Aliomba tena. Aliomba mara tano. Kila mara alikumbatiwa, na kila mara alimpigia mkewe akamwambia mwezi ujao, Mungu akipenda.

Alikuwa amenaswa, na alijua aliyetega ni nani. Hilo ndilo lililomtafuna. Asubuhi alipoufunga ule mlango na kuwasha taa alikaa kwanza akahesabu pumzi kabla ya kugusa filamu. Kwa nje ungemwona mtu mwenye cheti ukutani. Kwa ndani alikuwa akimchukia kila mgeni aliyekuja kulishangaa sanduku.

Mwaka huu mkewe akachoka. Hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Alimwambia kwamba mume wa kwenye simu hamtaki tena, na kwamba mwisho wa mwezi anataka kusikia jambo moja, anakuja au haji. Asipokuja, kila mtu ashike lake. Fundi aliijua sauti ile. Ni ile anayoitumia kumwambia mzazi asukume sasa.

Akaamua kumfundisha mtu. Kama mwingine angeweza kuifanya kazi yake, mkurugenzi angekosa cha kusema. Alimchagua Shangazi wa masjala, ambaye alizijua filamu zote kwa namba zake. Shangazi alilikaribia sanduku kama anayemkaribia mbwa wa watu. Fundi akamwonyesha namna ya kuilaza filamu upande wake sahihi, kuipangusa, na kuizungusha swichi ya kwanza mpaka weusi uonekane mweusi. Shangazi akauliza hizi nyingine je. Fundi akamjibu kwamba aziache zipumzike. Mama yule alimtazama juu ya miwani yake. Ametunza siri za mafaili miaka thelathini, na hakuuliza tena.

Siku ya nne Fundi alimwita mkurugenzi, akamwekea mezani picha mbili za filamu moja, ya mpaka wa vijiji viwili, filamu iliyochakaa kuliko zote. Moja aliifanya yeye na nyingine Shangazi. Akamwomba aseme ipi ni ya nani. Mkurugenzi aliinama, akavaa miwani, akaivua, akaigonga moja kwa kidole.

"Hii ndiyo yako," alisema. "Mkono wako haujifichi."

Ilikuwa ya Shangazi. Fundi alipomwambia, tayari alikuwa akijiona anafunga mizigo. Lakini mkurugenzi akatikisa kichwa akitabasamu. Alisema kwamba bila shaka Fundi alizipanga swichi kabla, Shangazi akakuta kila kitu tayari, na kwamba unyenyekevu huo ndio unaomfanya ampende. Shangazi akaapa kwamba aligusa swichi moja tu. Mkurugenzi akasema, ndiyo hivyo, nyingine zilikuwa zimeshapangwa.

Hapo Fundi alishindwa kuvumilia. Alilipindua sanduku juu ya meza, akachukua tindo, akazikata ribiti moja baada ya nyingine, akauvua mgongo. Globu nne, rangi nyeupe, waya mbili tatu, na kile kifuniko cha ndoo ambacho bado kilikuwa na maandishi ya lita ishirini. Nyuma ya swichi nyingine palikuwa patupu. Ile ya tano ilining'iniza kitaa chake chekundu kwa aibu.

 Mkurugenzi akamwomba Shangazi akawaletee chai. Shangazi alipotoka, naye akaenda ofisini kwake, akarudi na kijitabu chenye picha ya sanduku kwenye jalada, akaurudisha mlango. Fundi alikuwa amewahi kukiona kwa mbali tu. Mkurugenzi alikuwa amekiandika mwenyewe kurasa kumi na mbili, kila swichi na kazi yake, na kukisoma mbele ya waziri na katika mikutano mitatu. Kijitabu hicho ndicho kilichompandisha daraja.

"Swichi ya tatu inafanya nini?"

"Haifanyi kitu, mkuu."

"Nimeandika inapunguza ukungu." Alikaa kwenye kile kiti kisicho na mgongo. "Na sikutunga. Niliizungusha kwa mkono wangu nikauona ukungu unapungua."

 Fundi alimhurumia, kusema kweli, na wakati huohuo alitamani kumtingisha. Mkurugenzi akaanza kuhesabu taratibu. Shangazi anastaafu mwisho wa mwaka, na mdomo wake ni mzito. Yeye mwenyewe mkurugenzi amebakiza miaka minne. Fundi akiondoka ataletwa mtu mwingine, siku moja globu itaungua, mtu huyo atafungua sanduku, na watakaoitwa kujieleza ni wawili.

"Kwa hiyo globu zikiungua utazibadilisha wewe," alisema. "Miaka minne tu, ndugu yangu. Nakuomba."

"Na mke wangu?"

"Mwambie bado unaomba."

Hakuwa akitisha. Macho yalikuwa yamemlowa, na alizikusanya ribiti zilizokatika akazitia kiganjani mwa Fundi kabla Shangazi hajarudi na chai.

Saa ya mapumziko Fundi alikaa kwenye ngazi za nje akampigia mkewe. Safari hii hakumwambia mwezi ujao. Alimwambia yote, kuanzia barua ya nne mpaka kifuniko cha ndoo. Mkewe alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Fundi naye akacheka, wakacheka pamoja kama zamani. Kisha mkewe akaacha kucheka.

"Kwa hiyo kila ulipoomba, ulikuwa unajua watakukatalia."

"Baada ya mara ya kwanza, nilijua. Sikuwa na namna ya kukuambia."

"Mwaka juzi walinipa uhamisho wa kuja huko," mkewe alisema. "Hospitali kubwa, hapo hapo karibu na nyumba."

Fundi aliuliza kwa nini hakumwambia.

"Ulikuwa umeniambia mwezi ujao unakuja wewe. Nikaikataa nafasi, akapewa mwenzangu. Nikapaka chumba rangi, nikakungoja."

Aliuliza kama nafasi ile haiwezi kupatikana tena, na mwenyewe akaisikia sauti yake ilivyokuwa ndogo. Mkewe akamjibu kwamba mwenzake ameshahamia, watoto wake wanasoma huko huko. Nyuma yake kuna mwanamke alikuwa akilalamika kwa uchungu, na sauti ya mkewe ikageuka kuwa ya kazini. Alisema kuna mzazi anamhitaji, na kwamba leo asimpigie tena. Kuhusu kesho hakusema kitu.

Fundi alibaki kwenye ngazi mpaka watu wote wakawa wamesharudi kazini. Ribiti zilikuwa bado mkononi. Kisha akaingia chumbani kwake, akawasha taa na kuufunga mlango, maana hakuwa na pengine pa kwenda.